Shimo Lisilojaa

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku aliteka ndoo tatu kwenye kisima cha nyuma ya nyumba, mbili za kufulia na moja ya bustani. Maji ya kunywa yalitoka kwenye bomba la mtaa. Chiriku halikuwa jina lake la kuzaliwa. Mdomo wake haukujua kupumzika, ndiyo maana wenzake wakamwita hivyo, na hata baba yake akazoea.

Baba yake alikuwa fundi wa mashimo ya choo. Mtaa wao ulikuwa kando ya mkono wa bahari, na nyumba kumi na saba zilitumia mashimo aliyoyachimba yeye. Alijivuna waziwazi. "Wenzangu wanaishia futi nane," alizoea kusema akigonga mfuniko wa zege kwa kisigino. "Mimi nashuka mpaka nikutane na maji. Miaka tisa sasa, hili letu halijajaa hata siku moja!"

Lakini mkono wa bahari ulikuwa umeharibika. Ukoga wa kijani ulitanda mzito kama uji, na samaki wadogo walielea matumbo juu. Ndipo bibi afya alipokuja darasani kwa akina Chiriku.

"Uchafu wa chooni una naitrojeni, na naitrojeni ni chakula cha mimea," alieleza. "Ikipenya ardhini hadi baharini, ukoga unashiba na kusambaa. Ukoga ukifa na kuoza, unamaliza hewa iliyo majini, samaki wanakosa pumzi."

Alikuwa na vifaa vya kutengeneza mfumo mpya katika nyumba moja tu, kwa majaribio. Kila mwanafunzi alipewa chupa ya kuletea maji ya kisima cha kwao, na karatasi moja ya kujaribia nyumbani. Maji ya kisima yenye naitrojeni yangeigeuza iwe waridi. Kisima kibaya kuliko vyote ndicho kingeonyesha pa kuanzia.

Jioni ile Chiriku alichovya karatasi yake katika maji ya kisima chao. Ikakolea hadi ikawa nyekundu kama ulimi. Uani, baba yake alikuwa akimsimulia mteja habari za shimo lisilojaa. Chiriku alimwaga maji yale, akasuuza chupa, akaijaza bombani.

Kesho yake darasani, karatasi mpya iliyochovywa katika chupa ya Chiriku ilibaki nyeupe. Iliyokolea kuliko zote ilikuwa ya Njiti, rafiki yake wa nyumba ya pili, mtoto wa mshonaji.

"Kumbe nyinyi ndio mnaoua samaki!" mmoja alipiga kelele.

"Njiti, usinishike, nitanuka!" mwingine akadakia, darasa zima likacheka.

Chiriku, msemaji wa siku zote, alitazama dawati lake.

Baba aliposikia, alicheka hadi machozi. "Si nilimwambia Mama Njiti? Shimo lenyewe la futi sita! Aliyelichimba alidhani anamzika kuku!"

Siku iliyofuata Njiti hakuja shule. Chiriku alipita kwao, akamkuta mama yake mbele ya cherehani. Wateja wawili walikuwa wamechukua vitambaa vyao, eti hawataki nguo za nyumba chafu.

"Mwenzako hataki kutoka chumbani, mwanangu," alisema. "Na Jumatatu wanakuja kuchimba, watu wote watajaa hapa kututazama."

Chiriku alitoka mbio hadi kwao. Baba alikuwa akikoroga zege.

"Baba, maji niliyopeleka shule yalikuwa ya bomba. Ya kisima chetu ni mabaya kuliko ya akina Njiti."

"Nani kasema?"

"Karatasi."

"Karatasi inifundishe kazi? Unataka mtaa mzima useme fundi ndiye anayeua bahari?"

"Sasa hivi wanasema ni Njiti, baba. Na si kweli."

Sepetu ilisimama. Baba alinawa mikono, akajaza chupa kisimani kwa mkono wake mwenyewe, wakaenda pamoja kwa bibi afya. Karatasi ikawa nyekundu mbele ya macho ya baba.

"Lakini shimo langu halijai!" alisema.

"Ndiyo tatizo lenyewe, Fundi. Halijai kwa sababu linamwaga. Huko chini limekutana na maji ya ardhini, nayo yanakwenda baharini. Shimo fupi la jirani yako linapitisha maji polepole, udongo unapata nafasi ya kuchuja kidogo."

"Mbona kisima chake nacho kimechafuka?"

"Kiko hatua ngapi kutoka shimo lako?"

Baba alihesabu kimoyomoyo, kisha akakaa chini. Kutoka hapo walikwenda moja kwa moja kwa mshonaji.

"Hodi, Mama Njiti. Sikuja kukaa. Uchafu ni wangu, na nitamwambia kila mteja aliyekuacha."

"Na mimi nilibadilisha maji," Chiriku alimwambia Njiti mlangoni. "Nisamehe."

"Mdomo wote huo, halafu siku ya kusema ndiyo ukaufunga!" Njiti alijibu. Hakucheka, lakini mlango hakuufunga.

Jumatatu walichimba uani kwa Fundi. Shimo refu lilifukiwa. Mahali pake ikawekwa mifereji ya kina kifupi, bomba lenye matundu, na mchanga uliochanganywa na maranda ya seremala. Vijidudu wanaoishi katika maranda yenye unyevu, bibi afya alieleza, huigeuza naitrojeni kuwa hewa isiyodhuru. Baba aliuliza maswali mengi kuliko wanafunzi wote waliokuja kutazama. Vifaa zaidi vilipoletwa, alipita kwenye nyumba zile nyingine alizozichimbia mashimo, moja baada ya nyingine, akisema alikosea na amekuja kurekebisha.

Baada ya miezi minne, karatasi ilitoka kisimani ikiwa waridi hafifu. Bahari ingechukua muda zaidi.

"Ulificha ili kulinda jina langu," baba alimwambia Chiriku. "Lakini wakati tunaficha, Njiti alibeba aibu yetu, na uchafu uliendelea kwenda baharini. Kosa lililofichwa halirekebishiki. Siku nyingine niletee karatasi kwanza, hata kama nitafoka."

"Utafoka, baba?"

"Nitafoka. Kisha nitachukua sepetu."