Mkwe Aliyepita Dirishani

Kwetu ni kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Nyasa, si mbali na Matema. Naitwa Atupele. Nalima mpunga, na nyuma ya nyumba nina kakao kidogo. Asubuhi nafagia uwanja, napika uji, naenda shambani. Jioni nilikuwa nakwenda darasa la kisomo. Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka thelathini na sita, na hilo silionei aibu hata kidogo. Aibu yangu ni nyingine. Mpaka leo nikiikumbuka, uso unaniwaka.

Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtu na baba mkwe wake hawakutani. Yeye akija njia hii, mimi napita migombani. Sisemi naye. Jina lake silitaji. Wengine siku hizi wameacha, lakini nyumba yetu haijaacha. Si chuki, jamani, ni heshima. Kwa miaka kumi na saba baba mkwe nilimjua kwa kikohozi chake upande wa pili wa ua, basi.

Siku moja mdogo wangu Felista alinipigia simu. Alikuwa amelazwa hospitali Mbeya.

"Dada, napasuliwa kesho asubuhi. Sina mtu hapa. Naogopa."

"Nakuja leo hii," nikamjibu.

Mume wangu Yakobo alikuwa Karonga, Malawi, ng'ambo ya mto Songwe. Simu yake haikupatikana. Wakwe zangu walikuwa Mbugani, mjini Kyela, kwa binti yao. Ningeweza kumpigia mama mkwe, naye angemwambia mzee. Sikupiga. Niliona haya. Mzee atasema nini akisikia nasafiri peke yangu? Nikafunga mlango, nikaondoka bila kumwambia mtu.

Nikapanda kosta ya kwanza iliyosimama. Jina lake sikulisoma. Tiketi, simu na pesa, vyote nikatia kwenye mkoba mmoja. Mkoba nikauweka chini ya kiti. Nilikaa nyuma kabisa, dirishani.

Tulipofika stendi ya Kyela, nikamsikia konda akisema, "Mzee, pita kule nyuma. Kuna nafasi pembeni ya yule mama."

Kikafuata kikohozi ninachokijua. Nikainua macho. Mama wee! Baba mkwe!

Mlango ulikuwa mmoja, naye alikuwa anakuja. Angekaa ubavuni kwangu, bega kwa bega, mpaka Mbeya! Sikufikiri. Nikajifunika uso, nikasukuma kioo, nikatoa mguu, nikaruka. Kitenge kikanasa juu. Nikaangukia magoti mbele ya wauza ndizi na waendesha bodaboda, nimebaki na shimizi.

"Mwizi huyo!" mmoja akapiga kelele.

"Mwizi gani? Huyo kapagawa!" mwingine akajibu. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Mama mmoja alinirushia khanga. Nilipomaliza kujifunga, gari lilikuwa limeondoka. Mkoba wangu nao ulikuwa umeondoka.

Mkata tiketi mmoja, mwanamke, alinishika mkono, akaniketisha ofisini kwake. Aliitwa Yunis, Mngoni kutoka Songea.

"Dada, ulikuwa gari gani?"

"Sijui."

"Rangi yake?"

"Nyeupe."

"Zote nyeupe, dada yangu. Namba ya mumeo?"

"Imo kwenye simu."

"Ya mgonjwa?"

"Nayo imo kwenye simu."

"Nani anajua kuwa umesafiri?"

Nikatazama chini. "Hakuna."

Kila swali lilikuwa kama linanivua nguo upya. Nikamweleza kwa nini nimeruka. Yunis hakucheka.

"Magari matatu yametoka kwa kufuatana," alisema. "Huyo mzee amekata tiketi hapa stendi. Nikipata jina lake, nitajua yuko gari lipi. Anaitwa nani?"

Nikaziba mdomo kwa khanga.

"Siwezi kulitaja."

"Dada! Mdogo wako anapasuliwa kesho!"

"Siwezi. Ulimi hauendi."

Yunis akaguna. Kisha akanisogezea daftari na kalamu. "Haya, kuandika je? Mkono nao umekatazwa?"

Kuhusu mkono hakuna aliyewahi kuniambia neno. Nikashika kalamu, jasho linanitoka. Nikakwama kwenye z na r, nikafuta, nikarudia. Hezroni. Nikalifunika daftari haraka na kumrudishia, kama mtu aliyeiba.

Yunis alipitisha kidole kwenye vitabu vya tiketi. Akapiga simu kwa konda. Akasikiliza kwa muda mrefu.

"Mkoba upo," aliniambia. "Mzee ameshajua ni wako. Ameupakata, hata konda hamruhusu kuugusa. Amesema uje na gari la nyuma. Atauacha ofisini kwao, stendi ya Mbeya. Kisha yeye ataondoka kabla hujafika, usije ukapata taabu tena."

Hapo nililia. Mzee wa watu amepakata mkoba wa mkwe wake mbele za watu, na mimi ndiye niliyejiona mwenye heshima!

Tukisubiri gari, Yunis aliniambia ukweli.

"Heshima yenu siikatai. Lakini ungemwita konda, ukamwambia, 'Huyu ni mkwe wangu, nihamishe kiti.' Makonda wa hapa wanayajua hayo. Aibu ya kusema ingekuwa ya dakika moja tu."

Akachana karatasi. "Andika namba za watu wako hapa. Weka mwilini, si mkobani. Pesa nazo zigawe, usiweke zote mahali pamoja. Kabla hujapanda gari, soma jina na namba zake, umtumie mtu wa nyumbani. Si umesoma wewe? Basi tumia kusoma kwako!"

"Na nikifika jioni?"

"Siku nyingine ondoka alfajiri, ufike jua likiwa juu. Leo mtu akikuuliza kama uko peke yako, mwambie unapokewa. Anayekunyang'anya mzigo ili akubebee, usimfuate. Waambie wa ofisini wakuitie bodaboda wanayemjua. Na ukilala nyumba ya wageni, jaribu komeo kabla hujalipa. Halifungi? Ondoka. Huna haja ya kumwomba mtu radhi."

Alinilipia nauli, akaniketisha nyuma ya dereva, karibu na mama mwenye mtoto. Nikamwambia ndaga fijo, ndiyo asante sana kwetu.

Mkoba niliukuta Mbeya, umefungwa kwa skafu ya mzee, mafundo mawili. Hakuna kilichopungua. Felista alipofumbua macho baada ya kupasuliwa, nilikuwa kando ya kitanda.

"Dada, magoti yako yamefanya nini?" aliniuliza kwa sauti ndogo.

"Nimejikwaa," nikasema. Hata yeye nilimdanganya.

Niliporudi nyumbani, mama mkwe aliniita jikoni.

"Mzee haulizi kwa nini uliruka," alisema. "Anauliza kwa nini hakuambiwa. Angejua unasafiri, angesubiri gari jingine."

Nilitamani ardhi inimeze.

Tangu hapo tuna utaratibu nyumbani. Anayesafiri anaandika kwenye karatasi mlangoni: anakwenda wapi, kwa gari gani, atarudi lini, na namba yake. Wanaume nao wanaandika. Mzee mwenyewe anaandika. Nauli ya Yunis nilimrudishia, pamoja na debe la mchele.

Mwezi wa tano nilikwenda Iringa peke yangu, kwenye mafunzo ya wakulima. Nililala Mbeya njiani, nikafika mchana wa siku ya pili. Chumba cha kwanza komeo lilikuwa bovu, nikakikataa. Cha pili lilifunga vizuri. Nilipokaa kitandani, simu ikaleta ujumbe. Ulitoka kwenye namba ya baba mkwe, naye hajawahi kunipigia.

"Umefika?"

Niliusoma mara tatu. Uso ukaniwaka. Kisha nikaandika:

"Nimefika, baba."

Katika miaka yote ya ndoa yangu, hayo ndiyo maneno ya kwanza tuliyoambiana.