Jino la Dhahabu la Mjukuu Wangu

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mlima nilipopanda kwenda shamba la juu kufunika viazi. Mwezi wa saba huku kwetu, baridi hushuka na umande wa sumu. Ukiliacha shamba wazi usiku, asubuhi unakuta majani meusi kama yamepitiwa na moto, na msimu wako umekwisha. Mwanangu Sutar angeweza kwenda yeye. Lakini tangu mkewe Puji aende Taiwani kufua nguo za watu, Sutar anailalia simu kama kuku anavyolalia yai.

"Mama, nakuja nyuma yako," alisema.

"Njoo mbele yangu basi, tuone." Nikajitwika nailoni, nikaenda zangu.

Nitasimulia yote, hata yale ya aibu. Nimezeeka mno, sina tena wa kumpakia poda.

Mjukuu wangu Nawang ana miaka sita. Alipokuwa na miwili alishikwa na homa siku tisa, na ilipomwachia, nywele zake zilikuwa zimejisokota zenyewe, ngumu kama kamba ya mbuzi. Hapa kijijini hatushangai. Watoto wa namna hiyo wana mwenyewe wao, roho ya mlimani. Hawanyolewi mpaka watake, na siku wakitaka hutaja kitu kimoja, na kitu hicho wapewe. Hicho hicho. Mtoto wa jirani alitaka bata wawili, akapewa bata wawili. Mwingine alitaka ndizi ya kukaanga, moja tu, wazazi wakacheka mpaka machozi kwa bahati yao.

Wangu mimi alitaka jino langu.

"Lile la dhahabu, Bibi. La nyuma."

Tukamuuliza mwezi huu, tukamuuliza mwezi uliofuata. Sutar akamtajia baiskeli. Jibu likawa lilelile.

Jino hilo nililivisha dhahabu zamani, malori yalipokuwa yakipanga foleni kubeba viazi vyetu na udongo ulikuwa mweusi. Sasa udongo umechoka. Tunaulisha samadi ya kuku na dawa kuliko tunavyojilisha wenyewe. Vijana wanateremka bondeni na hawapandi tena. Jino lile ndilo lingeninunulia mbegu za msimu ujao. Sasa niling'oe, nimpe mtoto akachezee mchangani?

Nikaenda kwa sonara mjini, akanichongea la shaba.

Siku ya kunyoa nikajaza mdomo tambuu na donge la tumbaku, nikajifunga kitambaa shavuni kama mgonjwa. Nani angechungulia kinywa cha bibi kizee? Mzee wa kijiji akasoma dua, ubani ukafuka, mama mtu akalia kwenye simu. Mtoto akakabidhiwa shaba yake. Nywele zikafungwa kwenye kitambaa cheupe, zikatupwa mtoni.

Nawang peke yake hakucheka. Alilinusa lile jino. Kisha akaniangalia.

Jioni ninayoisema ilikuwa ya tatu baada ya hapo.

Nikafunika tuta la kwanza. La pili. Upepo ukakatika. Ikaja harufu ya kiberiti kutoka kwenye mashimo ya moshi ya mlimani, hiyo nimezaliwa nayo. Lakini ndani yake kulikuwa na nyingine...

Ubani. Na nywele zilizolowa.

Halafu sauti.

Tak... tak... tak...

Kama mtu anayegongesha kitu kwenye taya.

Mwisho wa matuta alikaa mwanamke, kanipa mgongo. Nikadhani ni jirani kaja kuniibia nailoni.

"Wewe! Hiyo ina mwenyewe!"

Hakugeuka. Maji yalikuwa yakimtiririka mgongoni, na baridi ilikuwa ile ya kugandisha mate. Mapajani alitandaza kitambaa cheupe. Alikuwa akichambua kitu kwa vidole, taratibu, kama anayetafuta chawa.

Misokoto ya Nawang. Naijua. Nimeiosha kwa mikono hii miaka minne.

"Dada Gira," akanong'ona.

Waliokuwa wakiniita jina hilo nimeshawazika wote.

"Nani wewe?"

"Mliangusha mzigo mtoni. Nimewarudishia."

"Si wetu tena. Mtoto alitaja, mtoto akapewa."

Tak... tak...

Akageuza kichwa nusu. Uso sikuuona. Pale alipokaa giza lilikuwa limewahi kuingia kuliko kwingine. Nilichoona ni kinywa, kimeachama, na kwenye fizi tupu ilikuwa iking'aa shaba yangu.

"Hili," akanong'ona, "halina ladha ya mtu."

Wasimulizi wengine hukwambia walikimbia. Magoti yangu hayajui kukimbia. Nilirudi kinyumenyume mpaka mpakani, huku nikimtukana matusi yote niliyofunzwa na mama mkwe wangu, maana ningenyamaza ningeanguka. Nailoni niliiacha hukohuko.

Sutar nilimkuta mlangoni. Mara hii hakuwa na simu mkononi.

"Mama, mtoto anaungua!"

Nawang alikuwa mkekani, macho wazi. Kichwa tulichokinyoa kikabaki laini kama kibuyu, sasa juu ya masikio kilikuwa na nywele za urefu wa kidole. Mbichi. Zimeanza kujisokota. Nikamfungua kiganja. Kitupu.

"Jino lako liko wapi?"

"Amelichukua aonje," akasema. "Hakulipenda."

Sutar alikuwa ameshashika ufunguo wa pikipiki ampeleke zahanati.

"Weka huo. Lete koleo."

"Koleo la nini, Mama?"

Nikatema tumbaku niliyojifichia nayo siku zote tatu. Nikafungua mdomo mbele ya taa. Aliangalia mle ndani kwa muda, mwanangu, na sijawahi kumwona akiniangalia hivyo.

"Mama... ulimdanganya mtoto?"

"Nilimdanganya. Utanisema kesho. Sasa shika koleo."

"Siwezi."

"Viazi huwezi, jino huwezi. Mkeo alikuolea nini? Nipe!"

Nililing'oa mwenyewe. Mara ya kwanza koleo liliteleza. Ya pili nikasikia ufa mpaka sikioni. Ya tatu likatoka, na mzizi wake, na kinyama kidogo. Sutar alilia kuliko mimi. Nikaliweka kiganjani mwa mtoto hivyohivyo, na damu yake.

Akalinusa.

Akatabasamu.

Kabla sijamaliza kusukutua kwa maji ya chumvi, homa ilikuwa imeshuka. Zile nywele zikadondoka kichwani mwake zenyewe, kama nyasi zilizooza. Sutar akazichoma jikoni bila kuambiwa. Moshi wake ulinuka kiberiti.

Asubuhi mteremko wote ulikuwa mweusi. Mashamba ya watu arobaini yameungua. Letu, nililoliacha wazi, lilikuwa kijani. Weusi ulikuja ukakoma kwenye mpaka wetu, umenyooka kama uliopimwa kwa kamba.

Sutar alifurahi kama mpumbavu. "Mama, tutavuna! Puji atarudi nyumbani!"

Majirani walisimama mpakani. Hakuna aliyesalimia. Nawaelewa. Kwetu mtu akineemeka siku ambayo wenzake wameungua, swali huwa moja tu: amemtoa nani? Niliwaona wakimwangalia Nawang, aliyekuwa ameshika sketi yangu, kama watu wanaomwangalia mgonjwa.

Mchana nikampikia uji wa mahindi. Alikuwa mzima, ana njaa, anapuliza kijiko.

"Lile jino umelificha wapi, mjukuu wangu?"

"Analo yeye. Amesema tamu."

"Yeye nani?"

Akapuliza tena. Uji haukuwa wa moto kiasi hicho.

"Ameniuliza yamebaki mangapi kinywani mwako, Bibi. Nikamwambia matano. Akacheka. Akasema manne."

Nikapitisha ulimi, polepole, kutoka upande huu mpaka upande ule.

Manne.

Nilipolala nilikuwa na matano.

Nikamwongezea mtoto uji, ale. Kwa yule mwanamke nimejitoa mimi tayari, na manne yaliyobaki nitampa bila kuulizwa. Ninachohesabu sasa ni kingine. Siku kinywa changu kitakapokuwa kitupu, Nawang atakuwa ameshaota meno yake ya ukubwani, na yule bado atakuwa na njaa.