Mita ya Nyumba ya Sabira

Wifi yangu Nurzat hakuwa mtu wa kuambiwa. Alirudi kwetu Naryn, mji wa milimani, na shahada yake ya mji mkuu, Bishkek, akageuza meza ya chakula kuwa ofisi, na sisi wengine tukawa tunanyweshwa chai pembeni kama wageni. Januari ile alikuwa na kazi ya kampuni moja ndogo: kuifundisha kompyuta itabiri mtaa wetu utatumia umeme kiasi gani na saa gani, ili mgao wa majira ya baridi upangwe vizuri. Alikuwa na namba za mita za nyumba zote, nusu saa kwa nusu saa, miaka mitatu nyuma. Kila Ijumaa asubuhi aliletewa za wiki iliyopita.

"Namba hazimwagwi tu kwenye mashine," alinieleza, na ile sauti yake ya ualimu. "Ni kama kuchambua mchele. Penye pengo unajaza. Saa zilizopishana unazinyoosha. Namba iliyoruka juu bila sababu unaikata, unaweka wastani."

Ijumaa moja akaniita huku anacheka.

"Wifi, njoo uone kituko. Namba kumi na nne inatumia umeme."

Namba kumi na nne ilikuwa nyumba ya marehemu Sabira, aliyekufa bila mtoto mwaka mmoja kabla sijaolewa. Mlango una kufuli. Waya ulishakatwa palepale nguzoni. Nikainama kwenye kioo cha kompyuta. Kila Alhamisi, saa nane mchana, nusu saa, kiasi cha jiko moja. Kisha kimya hadi Alhamisi nyingine.

Hapa kwetu Alhamisi ni siku ya kuwakaangia wafu. Kila nyumba hukaanga maandazi saba jua likizama, mafuta yatoe harufu, maana harufu ndiyo chakula chao. Sabira hakuacha wa kumkaangia. Alikuwa anajikaangia mwenyewe, mapema, kabla wafu wa wenzake hawajala.

"Usiiguse hiyo," nikanong'ona.

"Wafu hawalipi umeme, wifi. Mita mbovu tu."

Akakata. Alhamisi zote za miaka mitatu kwa mkupuo mmoja. Mstari wa Sabira ukalala chini.

Alhamisi iliyofuata, mtoto mchanga wa namba kumi na sita alipandwa na homa saa nane mchana. Jua lilipozama alikuwa amekwisha. Nilipokwenda kumpa pole mama yake, Zuura, alining'ang'ania mkono.

"Nilisikia harufu ya mafuta jikoni kwangu," akaninong'oneza. "Nani alikuwa anakaanga? Mimi sikuwasha jiko."

Kesho yake namba mpya zikaja. Kumi na nne, kimya. Kumi na sita, Alhamisi, saa nane, nusu saa. Sisi ni namba kumi na nane, nyumba inayofuata, na ndani ya nyumba yetu mtoto ni mmoja tu: Baiel wangu, mwenye miaka minne.

"Zirudishe," nikamwambia Nurzat. "Rudisha namba za Sabira kama zilivyokuwa."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Nilihifadhi juu ya faili lilelile. Sikuweka nakala."

Akaifunga kompyuta. Lakini jioni ile ile, kwa kuwa kazi ilikuwa inadaiwa, akaikata na ya namba kumi na sita. Akatuma. Nilimtukana matusi ambayo sitayarudia hapa. Nilimchukia, na hadi leo namchukia.

Alhamisi Baiel aliamka wa moto. Sikungoja. Saa nane kasoro robo nilikuwa nimebandika sufuria la mafuta kwenye jiko la umeme, madonge saba tayari kwenye sinia, nimkaangie Sabira kwa jina lake. Nikawasha.

Umeme ukakatika.

Nurzat akakodoa macho kwenye simu. Ratiba mpya ya mgao ilikuwa imeanza siku ile. Mtaa wetu, Alhamisi, saa nane. Namba alizozisafisha yeye zilisema saa hiyo hakuna anayehitaji umeme.

Nikakimbilia jiko la makaa, chumba cha mbele. Njiti ya kwanza ikazima. Ya pili ikazima. Kisha nikasikia mafuta yanachemka jikoni.

Nikageuka.

Nurzat alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mdomo wazi. Jiko halikuwa na umeme. Sufuria lilikuwa linatokota. Baiel alikuwa mbele yake, peku, ametoka kitandani mwenyewe. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu, kama mtoto anayevushwa barabara. Wa kulia ulikuwa unadondosha donge kwenye mafuta. Moja. Jingine.

"Baiel," nikanong'ona. "Nani kakufundisha?"

Hakugeuka.

"Shhh. Bibi anahesabu."

Lilipoingia la saba, mafuta yalinyamaza. Nikamrukia mwanangu, nikamshika paji. Homa ilikuwa imekwisha kabisa. Nikalia kwa furaha, mjinga mimi.

Mama mkwe akaingia kutoka uani. Yeye ndiye aliyemwosha Sabira siku ya kufa kwake, kidole kwa kidole. Alimtazama Baiel, akatazama maandazi, kisha akapandisha mkono wa kushoto wa sweta ya mtoto. Juu ya kifundo palikuwa na alama nyekundu za kuungua, alama za vidole vya mkono mmoja. Mtoto hakuwa analia wala kusikia maumivu.

Mama mkwe akazigusa kwa kidole gumba, moja moja. Akarudia tangu mwanzo. Na mimi nikahesabu naye.

Sita.

Akaushusha mkono wa sweta taratibu, akaubana vizuri pale kiganjani, asitazame usoni pangu.

"Usimwonyeshe mtu," akasema. "Sabira kapata mtoto."