Dakika Mbili za Diski ya Saba

Diski ya saba ilikuwa na dakika arobaini. Nakala yake kwenye kompyuta ikawa na arobaini na mbili.

Mama aliiandika tofauti hiyo kwenye daftari. Diski za video zilikuwa kumi na tisa, na ukungu ulikuwa umeanza kuzila, ndiyo maana alikuwa akizinakili. Ndani yake ndimo ilimobaki sauti ya mwanawe wa pekee, aliyekufa akiwa na miaka sita, waliyemwita Chiriku kwa kupenda kusema.

"Wewe hata chembe za chumvi ungezipa namba," mumewe alimtania.

"Njoo usikilize, Baba Chiriku."

Dakika zilizozidi zilikuwa giza tupu, na mtu anapumua. Chumba kikanuka udongo mbichi.

Diski ya kumi, pumzi ikawa neno: "Mama." Mara moja tu. Chiriku alizoea kuita mara mbili, kama anayebisha hodi. Ya kumi na nne, sauti ikaita mara mbili, ila kavu. Ya kumi na nane, ikaita mara mbili na kuivuta ile ya pili kama Chiriku alivyoivuta akitaka kubebwa, na safari hii haikutoka kwenye kompyuta bali jikoni, mchana kweupe, nyuma ya mlango ambao mama mwenyewe alikuwa ameufunga kwa ufunguo.

Mganga waliyemwita alisikiliza akiwa amesimama.

"Huyo si mwanao, mama. Ni jini. Kila diski unayonakili, unamfundisha."

"Imebaki moja. Ndiyo yenye kicheko chake."

"Choma zote, futa na nakala. Na akikuita, usiitike."

"Nikichoma, nitamkumbuka kwa kitu gani?"



Mumewe alifuta nakala zote, kisha akawasha moto uani. Mama akazitia moja moja, kwa namba. Ya kumi na tisa aliishikilia mpaka vidole vikaungua.

Miezi mitatu nyumba ilinyamaza. Kila asubuhi mama aliitafuta sauti ya Chiriku kichwani, na kila asubuhi ilikuwa imefifia zaidi, mpaka siku moja hakuikuta.

Siku hiyo alikuwa peke yake, akikunja nguo, harufu ya udongo mbichi ilipopita mlangoni.

"Mama, mama."

Hakuwa tena na kitu cha kuilinganisha nacho. Akaliweka shati chini.

"Naam, mwanangu," akaitika.

Kisha kule jikoni kitu kikajaribu kucheka, kikakosea, kikajaribu tena.