Dumu la Mama Kornelia

Pedali ya breki ilizama mpaka sakafuni kama mguu ulioingia topeni. Yoakimu akapampu mara ya pili, ya tatu, hamna kitu! Land Rover kuukuu ya shamba la ngano la serikali ilikuwa imeanza kushuka mlima wa nyuma ya Maretadu, watu tisa ndani, kushoto genge, chini kabisa mawe.

"Shikeni!"

Akarudisha gia ya pili, injini ikalia. Akavuta hendibreki, ikaja bure mkononi. Basi akakata usukani kulia, akalibamiza gari kwenye ukuta wa udongo. Vumbi, kuku, vikapu, sala, vyote hewani. Likasimama.

Wote walikuwa wazima isipokuwa Xavery, ambaye hakuwa mzima tangu mwanzo. Fundi huyo alikuwa amelazwa sakafuni nyuma. Asubuhi kombaini ilimchana paja, na ndiye aliyekuwa akiwahishwa hospitali. Wengine walikuwa wageni wa harusi waliodandia lifti njiani. Kanga aliyofungwa Xavery pajani ilikuwa imelowa damu tena.

"Kazeni hiyo kanga," alisema, midomo imemkauka. "Yoakimu, chungulia magurudumu. Lipi limelowa kwa ndani?"

Yoakimu akajitupa uvunguni. "La nyuma kushoto! Linachuruzika!"

"Mpira wa silinda ya breki umekufa. Kunja bomba linalokwenda hapo, ligonge mpaka lizibe. Tutashuka na matatu."

Akagonga kama mwendawazimu. Bomba likaziba, lakini kikopo cha mafuta ya breki kilikuwa kikavu.

"Nitie ya injini?"

"Yatavimbisha mipira yote. Na maji yatachemka mteremkoni." Xavery akafumba macho. "Mafuta ya nyonyo na piwa kali, nusu kwa nusu. Mzee aliyenifundisha kazi alifanya hivyo wakati wa vita."

Mwalimu Justina, mmoja wa wageni, akatoa chupa ya nyonyo, ya kupaka nywele. Na piwa, pombe ile ya magendo? Kila mtu akautazama mlima Hanang kana kwamba uliota jana.

"Watu mnakwenda harusini," Xavery akahema, "mikono mitupu?"

Macho yakaanza kuteleza kwa Mama Kornelia, mwenyekiti wa akina mama kanisani, aliyewafukuza wapika piwa kijiji kizima. Alikuwa amekumbatia dumu alilosema ni la asali.

"Shikamoo, mama," Yoakimu akasema taratibu.

"Marahaba. Asali haifai kwenye breki."

"Damu ya huyu inakwisha, mama."

Akamtazama Xavery. Akafungua kifuniko, na harufu ikawapiga wote puani. "Atakayesema neno, nitamjua!"

Wakachanganya, wakamimina kikoponi. Yoakimu kwenye pedali, Justina chini na spana, Xavery akiamuru akiwa amelala: "Kanyaga! Legeza! Kaza! Achia!" Upepo ulioingia kwenye mabomba ukatoka kwa mapovu, gurudumu kwa gurudumu, mpaka pedali ikasimama, ngumu kama kiatu kipya.

Walishuka kwa gia ya kwanza, akina mama wakiimba kwa hofu. Kwenye kona ya saba gari likavuta kulia. Yoakimu akakanyaga, breki zikashika, akalirudisha, meno yameumana.

Hospitali, nesi Hilaria alipokea machela, akanusa, akamgeukia Yoakimu. "Dereva, umelewa?"

"Gari ndilo limelewa," Xavery akanong'ona.

"Nawauliza kwa heshima! Nitaita polisi!"

Wageni wakaangalia chini. Ndipo Mama Kornelia akashuka, dumu mkononi, akatoa sauti yake ya kanisani. "Mwache kijana. Piwa ni yangu, nimeipika mwenyewe. Wewe mshone huyu, kunisema utanisema baadaye."

Akasemwa mwaka mzima, Maretadu mpaka Gehandu. Na Xavery, kila alipowakuta wakimsema, alisimama kwa miguu yake miwili akawaongezea habari ya ile kona ya saba, piwa iliposhika breki.