Bado Mguu Mmoja

Nilitoka nyumbani Tandika jua likizama, diski nimeifunga kwenye kipande cha khanga na kuibana kwapani kama mwizi wa kuku. Ilikuwa inanuka dagaa. Jirani yangu Stephano, ambaye hajawahi kumiliki hata kikokotoo, alikuwa ameniambia kwamba diski iliyokufa ukiilaza kwenye friza hufufuka. Nikaamini. Mfa maji haachi kutapatapa, na mimi maji yalikuwa yamenifika shingoni.

Ndani ya diski ile, kiboksi cheusi kisichozidi kiganja, mlikuwa na sauti ya marehemu mume wangu, Projestus.

Alipojua kwamba figo zake hazitamfikisha mbali, alianza kurekodi hadithi za kumlaza binti yetu Bupe. Alikuwa anakaa mbele ya kompyuta, amejipaka dawa ya kuchua yenye harufu ya mkaratusi, anakohoa, kisha anaita: "Hadithi, hadithi!" Halafu ananyamaza kidogo, kumwachia mtoto nafasi ya kuitikia: "Hadithi njoo! Uongo njoo! Utamu kolea!"

Alipokuwa mzima kulikuwa na sheria moja nyumbani kwetu. Anayewahi kuitikia ndiye anayeingizwa kwenye hadithi. Akiwahi Bupe, basi binti wa hadithi ile anaitwa Bupe. Nikiwahi mimi, ataitwa Atuganile, na Bupe atanuna mpaka asubuhi. Kwenye rekodi aliweka jina la mtoto tu.

Tangu tumzike, Bupe alikuwa analala na hadithi moja kila usiku. Nilikuwa namwashia kompyuta pembeni ya kitanda, diski naiweka juu ya kabati, nafunga mlango, nakwenda kuosha vyombo. Sikuwa na moyo wa kukaa kumsikiliza mume wangu akiongea kama vile yupo sebuleni. Nililia jikoni, maji ya bomba yakinifichia sauti.

Jumanne ile, hadithi ikiwa katikati, diski ikaanguka. Wifi yangu Kokuberwa, dada yake Projestus, ambaye anaishi nasi, alikuwa mlangoni. Aliniapia kwamba hakuna aliyeigusa. "Nilisikia mtu anakohoa, wifi," aliniambia. "Halafu ikaruka kutoka juu ya kabati kama imesukumwa." Nilimwona mjinga. Nikamfokea.

Baada ya hapo ukiichomeka ilikuwa inatoa mlio tu. Tik... tik... krrr.

Na Bupe akaacha kula. Akalala ameelekea ukutani, uji unapoa, chai inapoa, na kila nikimgusa ananong'ona jambo lilelile.

"Bado mguu mmoja, mama."

Nilimbembeleza mpaka akanieleza. Katika hadithi ya mwisho, binti alikuwa anatembea na baba yake kwenye msitu wa Pugu. Wamefika penye maji meusi. Binti ametia mguu mmoja majini. Hapo ndipo sauti ilipokatika.

Hospitali walimpima damu, hawakuona kitu. Mchungaji alikuja akamwombea, akasema ni majonzi. Mimi nikajiambia: mtoto anasubiri mwisho wa hadithi ya baba yake. Akiusikia, atatulia, atakula. Sikutaka kingine duniani. Nilitaka faili moja tu litoke mle, mwanangu aishi.

Fundi Jawad ana chumba chake nyuma ya duka la vipuri la familia yao, Chang'ombe. Nilimkuta anashusha mlango wa chuma.

"Sista, kesho bwana. Tunafunga."

"Kaka yangu, mie kesho sijui kama nitakuwa na mtoto."

Alinitazama. Nadhani nilikuwa natisha, maana alirudisha mlango juu. Akaifungua khanga, akanusa.

"Mbona inanuka samaki?"

"Usiniulize."

Aliiweka diski sikioni kama anayepiga simu. Akaichomeka. Tik... tik... "Sindano yake ya ndani imechoka," alisema. "Sitaigusagusa sana. Nitanyonya kilichobaki, nakiweka kwenye diski nyingine, halafu tunatafuta faili lako humo. Lakini inaweza ikakubali mara moja tu, sista, halafu basi."

Nilikaa kwenye stuli. Nje magari ya viwandani yalikuwa yanarudi, adhana ya isha ikapita, Jawad akaenda ndani kuswali akaniacha na ule mlio. Kwenye kioo kulikuwa na mstari wa kijani unaosogea polepole mno. Nilikuwa nausukuma kwa macho. Nilisali, nikabembeleza, mwishoni nikaanza kuitukana diski kwa Kinyakyusa.

Jawad aliporudi alikuwa na mama yake, Bi Khatun, mama mfupi mwenye miwani, ameshika birika la chai. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanimiminia chai, akaniuliza habari za mtoto. Nikamweleza yote.

"Sista," Jawad aliita kutoka kwenye kompyuta. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mzee wako alifariki lini?"

"Mwaka juzi. Kabla ya mvua za vuli."

"Haya mafaili machache ya juu ni ya kabla. Sawa. Ila haya mengine..." Alikuwa anashusha orodha, na orodha ilikuwa haiishi. "Haya yamerekodiwa baada. Kila usiku. La mwisho ni la Jumanne hii."

"Saa ya kompyuta yangu mbovu," nikasema haraka.

"Nami nilifikiri hivyo. Hebu sikiliza."

Akafungua moja la katikati. Ilikuwa sauti ya Projestus. Moyo wangu ulipasuka kwa furaha, siwezi kudanganya, nilitaka kuikumbatia ile spika. Alikuwa anasimulia habari za binti anayeitwa Bupe, anayefuata njia msituni, na baba yake yuko mbele, hageuki. Njoo, mwanangu. Bado kidogo. Njoo.

Furaha ikaanza kunitoka taratibu.

Miezi yake ya mwisho mume wangu hakuweza kumaliza sentensi bila kukohoa. Huyu hakukohoa. Aliongea, akaongea, akaongea... na sikusikia hata mara moja akivuta pumzi.

"Mama Bupe," Bi Khatun alisema kwa upole. "Mtoto alianza kukonda baada ya diski kufa, au kabla?"

Nilifungua mdomo kusema baada. Nikalikumbuka gauni lake la Pasaka. Fundi cherehani alilipunguza kiuno, na kabla hajalivaa kanisani tukalirudisha alipunguze tena. Pasaka ilikuwa imepita zamani. Diski ilikuwa nzima wakati huo, na kila usiku ilikuwa inasimulia.

"Kabla," nikasema.

Hakuna aliyekunywa chai tena.

Mara nikaisikia harufu. Mkaratusi. Ilikuwa imejaa chumba kizima, kali, mpaka macho ya Jawad yakaanza kutoa machozi. Alinitazama kama anayeniuliza kama ni mimi. Nikatikisa kichwa.

"Ifute," nikamwambia. "Futa yote. Sitaki tena."

Alisogeza mkono. Kabla hajagusa kitu, faili la mwisho likajifungua lenyewe.

Wakati huohuo simu yangu ikalia. Kokuberwa.

"Wifi..." alikuwa ananong'ona. "Wifi, Bupe ameamka. Amekaa kitandani. Anatazama ukuta, anatabasamu. Wifi, mguu wake mmoja umelowa. Umelowa chapachapa, na mie sijamwogesha..."

Kwenye spika: "Hadithi..."

Jawad alichomoa waya ukutani kwa nguvu mpaka soketi ikatoka nayo. Kioo kikazima. Taa ya spika ikazima.

"...hadithi!"

Ilitoka mezani. Kwenye diski. Haikuwa imeunganishwa na kitu chochote.

Kisha kimya. Kile kimya chake, nafasi ya mtoto kuitikia.

Bi Khatun alikuwa anasoma dua, midomo inakwenda mbio. Na ndani ya simu, mbali kule Tandika, nilimsikia mwanangu anavuta pumzi. Namjua. Hivyo ndivyo alivyokuwa akivuta pumzi kila alipotaka kuniwahi.

"Mzibe mdomo!" nikapiga kelele. "Koku, mzibe!"

"Nani? Nini, wifi?"

Hapakuwa na muda. Nilikuwa naijua sheria ya nyumbani kwangu.

"Hadithi njoo," nikasema.

Tik.

"Hapo zamani za kale," ile sauti ikaanza, na sasa haikuwa mezani tena, ilikuwa nyuma ya sikio langu, tamu, karibu, kama zamani kwenye mto mmoja, "palikuwa na mama mmoja. Jina lake Atuganile."

Kwenye simu Bupe akaanza kulia. Kilio kizuri cha mtoto mwenye afya. "Anasema ana njaa," Kokuberwa aliniambia, naye analia. "Wifi, anataka uji!"

Jawad aliivunja ile diski kwa nyundo mpaka ikawa vumbi, na ile nakala mpya pia. Bi Khatun alinishika mikono. Nilimuuliza kama yule alikuwa mume wangu.

"Mie sijui ni nini, mwanangu, sitakudanganya," alisema. "Ila mumeo si alikuwa anakohoa? Na wifi yako si alisikia mtu anakohoa?"

Nililia njia nzima mpaka Tandika. Projestus wangu, mgonjwa hata kaburini, alikuwa amejikongoja kuja kuiangusha ile diski, kuufunga mlango ule. Na mimi mkewe nikaichukua ile diski, nikaibana kwapani, nikaenda kumtafuta fundi wa kuufungua. Hasira niliyo nayo juu ya hilo haisemeki.

Leo Bupe anakula kuliko mtu mzima. Gauni la Pasaka halimtoshi tena. Anakwenda shule, anagombana na wenzake, anarudi na soksi zimechafuka. Anayepungua ni mimi. Kazini wananiuliza kama nafunga.

Maana tangu niitikie, ile sauti haihitaji diski tena. Inaita kila usiku tukishamaliza kula, kutoka juu ya kabati. Tulihamia Kunduchi kwa ndugu zetu, ikaita juu ya kabati la Kunduchi. Mchungaji amekuja, Bi Khatun ametuletea maji aliyoyasomea dua, tumenyunyiza kila kona. Inaita. Naitikia. Inanipeleka mbele kidogo kwenye ile njia ya Pugu, halafu inanyamaza mpaka kesho. Jana nimefika penye maji meusi. Asubuhi niliamka na mguu wangu wa kulia umelowa mpaka kwenye kifundo.

Mtu ataniambia, si uache kuitikia. Nilijaribu. Usiku mmoja nilijaza khanga mdomoni, nikajifunika shuka gubigubi. Ikaita. Kimya kikaenda, kikaenda... kisha nikasikia miguu midogo kwenye sakafu.

"Mama, umelala? Baba anaita. Niitikie mie?"

Niliitema ile khanga na kuitikia kwa sauti ambayo iliwaamsha majirani.

Nimemkataza. Nimemkanya, nimemtisha, siku moja nilimchapa, Mungu anisamehe. Lakini yeye ni mtoto, na katika maisha yake huo ulikuwa mchezo wetu mtamu kuliko yote. Leo asubuhi namsuka nywele, akageuka akanishika shavu.

"Mama, umechoka," alisema. "Leo nitakuwahi."

Na akacheka.

Sasa vyombo vimeshaondolewa mezani. Nimekaa chini ya kabati, mdomo nimeuacha wazi kabisa ili nisipoteze hata nukta ya muda. Bado mguu mmoja. Natega sikio labda nitasikia mtu anakohoa, Projestus, nakuomba baba, kohoa hata mara moja. Sisikii kitu. Harufu ya mkaratusi imeanza kuingia.

Na nyuma ya mlango, Bupe anajizuia kucheka. Namsikia anavuta pumzi.