Olewa

Soko la Rumonge lilikuwa limefurika watu siku Asmani alipommwagia Hadjara mawese kwenye kitenge kipya cha njano.

"Weye! Unataka kunikaanga?"

"Pole, mupenzi. Nitakununulia ingine."

"Mupenzi wa nani?"

"Wa mwenye kuleta kitenge."

Alikileta kweli, na mahari ikafuata.

Hujafa hujaumbika. Wiki tatu kabla ya ndoa, kiharusi kilimpiga Asmani kwenye shina la ubongo. Alizinduka hasemi, hamezi, hainui hata kidole. Yalibaki macho tu, yakipanda na kushuka.

"Anasikia yote, akili iko nzima," daktari Jovita alimwambia Hadjara. "Wengine kidole kinarudi, ao shingo, mara chache sauti. Lakini inaanzaka miezi ya kwanza."

"Na yeye?"

"Huu ni mwezi wake wa tisa, dada."

Hadjara akazoea kumsomea herufi mojamoja. Macho juu ni ndiyo, chini ni hapana. Jumatano moja, kwa muda wa kuivisha maharage, alipata tano: O, L, E, W, A. Kisha Asmani akachoka, akalala.

Hadjara alitoka mbio na simu, machozi yakimtiririka.

"Mama! Asmani anataka tuoane!"

"Na hali ile, mwanangu?"

"Tutafungia ndoa palepale kitandani!"

Vigelegele vikapigwa. Masikini, hakuna aliyemwuliza mgonjwa kama amemaliza kusema.

Kesho yake Hadjara aliingia na hina mikononi.

"Mume wangu, tumwite shehe Ijumaa?"

Chini. Akamsomea tena herufi, kuanzia walipoachia jana. N, A. Halafu M, A, N, S... Hadjara hakuendelea. Mansuri alikuwa rafiki wa Asmani, na zamani aliwahi kumtaka Hadjara.

"Umenichoka?"

Chini.

"Unanipenda?"

Juu, upesi.

"Unaamini utapona?"

Chini.

"Kwa hiyo unataka niende?"

Asmani alikawia sana. Juu. Machozi yakamshuka, na kwa kuwa hakuweza kuyafuta, Hadjara akayafuta.

"Sikuamini hata kidogo!" alisema kwa hasira. "Natembea mpaka mulangoni. Nikigeuka, kama unataka nirudi, angalia juu. Hiyo tu, mupenzi."

Akatembea polepole, akageuka.

Asmani alikuwa ameyafumba macho, ameyakaza kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, asije akasema kweli.